Shahada Niliyozuiwa Kuitoa

Asalaamu alaykum. Naona wawili watatu mmetazamana. Ndiyo, ni mimi huyu huyu niliyetoa salamu, nanyi mmeitikia, ahsanteni. Palikuwa na wakati nikiitoa njiani kule Wingwi, ikaitikiwa na mbuzi.

Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha walimu kaniomba nisimame niseme yaliyonifika. Nikamwambia nimechoka nayo. Akanijibu, "Hujapata kuyasema hata siku moja, mwenzangu. Umechoka kuyasikia yakisemwa." Kweli hiyo. Basi leo nayasema mwenyewe, wala sitamtaja mtu kwa jina.

Mimi ni mtoto wa Wambaa. Nimekulia chuoni kama nyinyi, nikahitimu msahafu kabla sijaota ndevu. Kisha nikavuka kwenda Unguja kusomea ualimu, na huko imani ikanitoka. Msinitake nieleze ilivyotoka. Hapakuwa na msiba, wala hapana aliyenipoteza. Ilitoka kidogo kidogo, kama mtu anavyosahau wimbo, hata siku moja nikasujudu nikauona mkeka tu.

Nilinyamaza. Nilirudi kisiwani kwetu, nikapangiwa skuli ya Wingwi kusomesha hesabu na sayansi, nikaoa Mgogoni, tukajaaliwa mtoto wa kike. Ijumaa nilikwenda msikitini na wenzangu, maana napenda kuwa na watu. Miaka ikapita hivyo, na ningeweza kuzeeka hivyo.

Asubuhi moja nilikuwa nafundisha darasa la sita habari za mvua: jua linavyovuta maji, mvuke unavyopanda, mawingu yanavyojaa. Mwanafunzi mmoja akasimama akasema mvua huteremshwa na Mwenyezi Mungu. Nikamwambia sawa, hayo utafundishwa chuoni, hapa tunatazama maji yanapita wapi. Akabaki amesimama.

"Na weye mwenyewe, mwalimu, waamini?"

Ndugu zangu, nawaambia, njia za kulikwepa swali lile zilikuwa nyingi. Ningeweza kumwambia akae kitako. Lakini mtoto aliniuliza kwa adabu, akinitazama usoni, na kila siku mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia waulize wasilolijua.

"Mimi kwa nafsi yangu siamini," nikasema. "Lakini hilo ni langu. Nyinyi mna wazee wenu na mna shehe wenu. Kwangu chukueni habari za mvua."

Habari za mvua hakuzichukua mtu. Adhuhuri haijaadhiniwa, mji mzima ulikuwa na neno moja tu.

Kesho yake madawati yalikuwa matupu. Shehe wa msikiti wa pale, ambaye husomesha na chuo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaambia wazee wawatoe watoto. Mwalimu mkuu aliniita, akafunga mlango. "Ungesema hujui," akaniambia. "Hujui si dhambi." Baada ya hapo nikaambiwa nikae nyumbani mpaka kamati ya skuli iamue. Siku hizi mnaona watu wanavyogomeana kwa ajili ya vyama, huyu haendi duka la yule, huyu hazikani na yule. Mimi niliyaonja hayo kabla ya siasa kuyaleta, tena bila ya chama cha kunitetea.

Kisha akaja mkwe wangu na ndugu zake. Hakuketi. Akamwambia binti yake, "Funga mzigo, mwanangu. Ndoa haipo tena." Mke wangu akasema, "Baba, mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na maneno." Mzee akamjibu kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniumiza: "Najua. Lakini sheria si yangu." Wakaondoka na mtoto begani.

Nikarudi Wambaa kwa mama. Mama yangu hakosi sala, na kila akimaliza nilimsikia akiniombea, wala hakujificha. "Kwangu utakula," aliniambia. "Mengine nakuachia mwenyewe." Nikalima muhogo. Siku zikawa ndefu, ndugu zangu. Nikachoka mchoko usiotoka kwa kulala.

Hapo ndipo lilipokuja shauri. Mkwe wangu na wazee wa kamati walikubaliana hivi: nisimame msikitini Wingwi siku ya Ijumaa, niseme siku ile nilikuwa na homa na ulimi uliteleza, nitoe shahada mbele ya watu. Nikaha itafungwa upya papo hapo, na kazi nitarudishiwa. Nikakubali. Sikuona hata haja ya kufikiri.

Alhamisi, baada ya alasiri, nikaenda kwa yule shehe kumwarifu. Nilimkuta uani anamfunga ng'ombe wake.

"Kesho utatoa shahada?"

"Nitaitoa, shehe."

"Umeamini?"

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Hapana. Namtaka mke wangu na mwanangu. Na kazi yangu."

Akakaza kamba. "Basi kesho usije."

"Wenzako wamekwisha kubali."

"Wenzangu hawakukuuliza nilivyokuuliza. Shahada ni kushuhudia. Wewe wataka ushuhudie usichokiona, na mimi niitikie amina?" Akanigeukia. "Umepotea, nami nitakwambia hivyo mpaka nife. Lakini skuli uliulizwa ukasema kweli. Hutakuja kuanzia uongo msikitini mwangu."

Nilimchukia. Sikuona wema wowote pale. Nilichokiona ni mtu aliyenifungia mlango wa nyumba yangu kwa mkono wake. Ijumaa sikwenda, lakini niliambiwa kwamba alisimama akasema wazi kuwa yeye ndiye aliyenizuia, na kwamba mtu akikabwa koo, neno linalomtoka halina thamani mbele ya Mungu. Wengine walitoka msikitini wamekasirika, mkwe wangu mmoja wao.

Ndoa ikaishia hapo. Nilipokwenda Mgogoni kumtazama mtoto, mama yake alinitolea mwana nje ya mlango. "Ungesema tu," akaniambia. "Nilitaka kusema," nikamjibu. "Najua. Nimesikia. Sijui nimlaumu nani." Eda ilipokwisha akaposwa, akaolewa na mtu mwema. Binti yangu huja kwa bibi yake skuli zikifungwa. Hayo hayakurudi, na sisimami hapa kuwaambia yatarudi.

Kilichorudi ni kazi. Shehe yule alikwenda mwenyewe kwa kamati. "Vijana wangu wanasoma mirathi," aliwaambia, "na hawajui kugawa sudusi na thumni, fungu la sita na fungu la nane. Mrudisheni mtu wa hesabu. Hesabu haina shahada." Kwangu aliweka sharti moja: mtoto akiniuliza nimjibu kweli, kisha nimpeleke akamuulize na yeye. Siku niliyorudi, darasa lilikuwa na watoto wawili tu, wajukuu zake. Wengine walikuja taratibu.

Namshukuru mama yangu, aliyenilisha asinitoze neno. Namshukuru mwalimu mkuu, aliyeniwekea nafasi yangu asiajiri mwengine. Na namshukuru shehe, ingawa yeye hazitaki shukurani zangu, anataka nisali.

Kama nina funzo, walimu wenzangu, ni hili: ukitaka uachiwe useme, mwachie na mwenzio. Ni rahisi kulitamka hilo. Juzi, msichana mmoja wa darasa la tano kasimama akaniambia, "Mwalimu, nimesikia huamini. Mimi naona umekosea, na n'na sababu zangu." Darasa zima likaganda, linanitazama mimi. Na mimi, niwaambieni kweli, nilikuwa nimechoka, sikutaka kuyasikia tena.

Nikaweka chaki, nikamwambia, "Zitaje." Nikakaa kitako, akasema mpaka kengele ikalia.