Bahari Niliyojifunzia Arua

Dada zangu wa chama, salaam aleikum. Na ninyi mnaosali Jumapili, mliovuka kutoka Sudan Kusini mkakaa nasi, Bwana asifiwe. Kiswahili changu mtakivumilia. Kimekaa pwani mno, siku hizi hata mama ananiuliza nimeanza lini kuongea kama redio.

Kazi yangu mnaijua. Nachunguza matumbawe, yale mawe ya baharini ambayo si mawe, ni wadudu hai wanaojijengea nyumba, na samaki wanazaliana humo. Nilipopata nafasi ya kwenda kuyasomea, mji wetu huu wote wa Koboko ulicheka. Mjomba alisema, "Bahari iko wapi hapa? Unaenda soma maji ya watu?" Lakini mbuzi alichinja, na akala kuliko wote.

Sasa sikilizeni. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuogelea, nami sikujua kama hilo ni swali. Sisi hapa maji tunayachota. Nilidhani bahari husomwa kwa darubini, umekaa kitini. Siku ya kwanza wakanivisha miwani na bomba la kupumulia, nikaingia hadi kifuani, nikainamisha uso. Ndugu zangu, nawaambia, uzuri niliuona kwa kitambo kidogo tu. Kisha mguu ukakosa pa kukanyaga. Nikainywa bahari. Nilivutwa mashuani nikilia, na wenzangu, watoto wa pwani, wakatazama pembeni kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

Tangu hapo, maji yakipita goti pumzi inanikimbia. Na nilikuwa nimepewa kipande changu cha mwamba, kilichovunjwa na wavuvi wa baruti. Vifusi vyake vinabiringishwa na mawimbi, tumbawe changa halipati pa kushika. Nilitaka kujua: tukivifunika kwa wavu wa kamba za nazi vitulie, uhai utarudi? Swali lilikuwa langu, ila wenzangu ndio walioshuka kuutandaza wavu na kuliangalia. Mwalimu wangu, mwanamke mpole, akaniambia niende nyumbani nipumzike. Nikirudi bado siwezi kushuka, kipande kile atampa mwingine.

Nilikuja hapa nikajifungia ndani. Nikasema basi, nitafundisha shule. Shangazi yangu, yule pale anayejifanya hasikii, ndiye aliyegonga mlango.

"Arua iko na hoteli, na hoteli iko na maji. Twende."

"Shangazi, watu watasema."

"Watu gani? Sisi ndio watu."

Mwanamke wa kwetu haendi kuogelea peke yake, kwa hiyo mlikuja. Mlilala Arua kwa jamaa zetu, na alfajiri, kabla wageni wa hoteli hawajaamka, mko kando ya bwawa na chai ya tangawizi, mnasuka makawa ya kufunikia chakula. Mimi majini, na suruali, fulana ya mikono mirefu na kitambaa kichwani, nimeng'ang'ania ukingo kama paka. Dada wa hoteli aliyenifundisha anasema achia, siachii. Asubuhi nyingi zilipita hivyo, na mliiona aibu yangu yote.

Kisha asubuhi moja, dada wa hoteli ameingia ndani kidogo, mkono uliteleza, nikazama. Nilipoibuka nikikohoa, hamkupiga kelele. Kwa hofu mlianza dhikri, taratibu, kama tunavyofanya Alhamisi: jina linatoka na pumzi, pumzi inarudi, jina linatoka tena. Mmoja wenu asiyejua maneno aliguna tu kwa mwendo uleule. Kifua changu kinaijua dhikri ile tangu utoto, kikaifuata chenyewe. Nikainamisha uso, nikaachia ukingo, na maji yakanibeba. Nililia humo humo ndani, hamkujua. Shangazi alisema tu, "Iko vizuri. Sasa rudi huku, chai iko napoa."

Nilipojua kuogelea nilirudi pwani, nikafundishwa kupiga mbizi. Siku bahari ilipotulia nilishuka na mtungi wa hewa mgongoni, dhikri inaenda kimya. Wavu ulikuwa umeoza nusu, lakini vifusi havikutikisika. Juu yake nikakiona: kitumbawe cha zambarau, kidogo kama kifungo cha shati, kimeshika. Halafu kingine. Halafu samaki mdogo akatoka kunifukuza, na haki anayo, kwake pale. Leo wavuvi wenyewe wanakilinda kipande kile, na anayewafundisha vijana wa pwani kushuka ni mimi. Ndiyo, mimi wa Koboko. Chekeni, ruhusa mnayo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu aliyenisubiri, na dada wa hoteli aliyetufungulia geti. Ninyi sijui niwashukuru kwa maneno gani. Watu hupenda kuambiana wasiogope. Mimi hofu yangu haijaisha, nashuka nayo kila siku. Ninachowaambia ni hiki: ogopa, ila usiogope peke yako.

Maana kati yenu pale kando ya bwawa, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Jana nilimuuliza shangazi: ile asubuhi, kama nisingeibuka, mngefanya nini?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Tungeingia," akasema. "Sisi wote."