Niliyemwombea Afe Ndiye Aliyenibeba

Nawasalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha leo, ndugu zangu. Sisemi kwa kujisifu. Mambo yenyewe hayana sifa kwangu.

Wengi mnanijua kama mwongoza njia. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa nikiwapeleka wageni kwenye lile ziwa dogo lililo juu ya milima yetu ya Ukaguru. Walikuja na mahema na mashanta mgongoni, tukalizunguka ziwa kwa siku mbili. Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Shemeji alikuwa balozi wa nyumba kumi, naye ndiye aliyeandika jina langu kwenye orodha ya wa kuhamishwa. Nyumba yangu ya mlimani ikabomolewa, nikashushwa huku bondeni. Yake pia ilibomolewa, lakini hilo sikulitazama. Kwa miaka mitatu sikumpa mkono. Ndugu zangu, nilikuwa nikipiga magoti katika kanisa hili na kumwomba Mungu amuue.

Siku moja nilipanda na walimu wawili vijana kutoka Morogoro. Ukungu ulitukuta ng'ambo ya ziwa. Walimu walitaka tungoje. Mimi, kwa kiburi cha kujua njia, nikawapitisha juu ya miamba. Niliteleza, nikaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti. Nikawaambia wafuate kijito mpaka bondeni, na mtu wa kwanza watakayemkuta wamwombe msaada.

Mtu wa kwanza alikuwa shemeji, akipalilia shamba la kijiji.

Alifika jua likiwa bado halijazama. Nilipomwona nikageuza uso. Alikata fito mbili, akaufunga mguu kwa kamba za hema, akanipakia mgongoni kama shanta. Njia ile ni nyembamba, mnaijua. Alikuwa akihema, nami nasikia moyo wake ukidunda chini ya kifua changu. Nikashindwa kuvumilia.

Nikasema, "Shemeji, nimekuwa nikiomba ufe."

Alisimama. Nilidhani atanitua. Akanisogeza juu kidogo, akasema, "Basi omba kingine. Kushuka bado."

Nikaomba. Sikuwa na maneno mengi; nilimwambia Bwana anisamehe, na ampe shemeji nguvu za magoti. Tulipofika chini nilikuwa nalia, wala si kwa ajili ya mguu. Kesho yake wanakijiji walinibeba kwa machela mpaka hospitali ya Berega.

Ndugu zangu, mguu haukupona sawasawa. Mnaniona ninavyochechemea, na ziwani sijapanda tena. Kilichopona ni kile nilichokuwa nimekificha. Nilikwenda nyumbani kwa shemeji kwa magongo, mbele ya mke wangu nikampa mkono, tukala ugali sahani moja.

Kama kuna aliyekuja leo na jina la mtu limemkaa kooni, asiogope kumwambia Mungu jinsi lilivyo. Mimi niliomba vibaya, yeye akanijibu vizuri. Mtegemeeni. Namshukuru, nawashukuru na ninyi mlionibeba.

Shemeji yuko pale karibu na dirisha. Hapendi kutajwa, na tayari ananipungia mkono nikae. Nakaa.