Risiti Niliyoiweka Rehani

Ndugu zangu katika Kristo, jina la Bwana litukuzwe! Mnanijua: mimi ni fundi umeme, ninakaa mtaa wa Annexe, na watu walinihesabu kuwa mwenye akili ya franga, ya pesa. Leo ninawaeleza jinsi Mungu alivyonitoa katika uongo wangu mwenyewe.

Mkataba wangu wa mgodini, upande wa Kinsevere, ulipokwisha, nilinunua sarafu za mtandaoni kwa malipo yangu ya mwisho. Yaya wangu Albertine, dada yangu mkubwa anayeuza unga Kipushi, akanikabidhi na akiba yake ya kuezeka nyumba, nayo nikainunulia sarafu. Nikamwambia ataichukua siku yoyote anayotaka.

Ndugu zangu, sikilizeni nilichofanya. Nilizifunga zile sarafu kwenye kampuni moja ya mtandaoni ili zizae. Kampuni ikanipa sarafu nyingine, kama risiti: ukiirudisha, unapata zako. Risiti nikaiweka rehani kwenye jukwaa la mikopo. Kwa mkopo huo nikanunua sarafu tena, nikazifunga, nikapata risiti nyingine, nayo nikaiweka rehani. Nilirudia mara tatu! Yote yalisimama juu ya jambo moja, kwamba risiti ina bei sawa na sarafu yenyewe. Nilisali, nilitoa sadaka, lakini tumaini langu lilikuwa pale.

Alhamisi moja asubuhi Yaya akafika nyumbani. Mume wake alikuwa hospitali, alipaswa kupasuliwa tumbo.

"Mudogo yangu, uniletee ile franga."

Nikafungua simu mbele yake. Soko lilikuwa limetikisika na wengi walitaka kutoka pamoja, kwa hiyo kulikuwa na foleni ya kurudishiwa sarafu: siku kumi na tisa. Wasioweza kungoja waliuza risiti zao kwa hasara, na bei ya risiti ikashuka chini ya sarafu. Jukwaa la mikopo haliangalii ahadi, linaangalia bei. Rehani ikipungua kupita kiasi, linaiuza bila kukuuliza, na mauzo hayo yanashusha bei zaidi. Yangu ilikuwa karibu kabisa kuuzwa.

"Iko?" Yaya akauliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ningesema réseau iko mubaya, mtandao haushiki. Sijui nani alinifunga ulimi, ila ninyi mnamjua. Nikasema, "Yaya, niliiweka rehani, sikukuambia."

Nikamweleza habari ya risiti, mkopo na foleni. Yaya akasema, "Sasa kama bantu bote banataka kutosha franga yabo siku moja, ile risiti itakuwa nini?"

Ndugu zangu, hilo sikuwahi kujiuliza hata mara moja!

"Sijui, Yaya."

"Basi uuzishe motokari yako. Leo."

Niliiuza siku ileile, kwa bei ya chini. Nikalipa sehemu ya mkopo, nikakomboa risiti chache, nikaziuza kwa hasara, nikamaliza deni. Zilizobaki nikaziingiza kwenye foleni. Yaya alikwenda kumwomba daktari aanze kazi, na wakwe zake wakachanga malipo ya kwanza. Shemeji alipasuliwa Jumamosi. Jumapili, tukiwa humu kanisani, bei ya risiti ilianguka tena, na jukwaa likauza rehani za watu wengi. Zangu hazikuwa rehani tena. Zilikuwa zinangoja tu.

Foleni ilipokwisha, akiba ya Yaya ilitimia yote. Yangu haikubaki. Hakunisamehe upesi, aliniita kwake kula baada ya miezi miwili. Shemeji amepona, ameketi pale karibu na dirisha.

Ninamshukuru Mungu! Siwaambii mguse wala msiguse sarafu hizo. Ila kama kuna jambo umemficha mtu wako, mwamini Bwana kiasi cha kulisema leo, wakati bado una kitu cha kuuza.