Historia ya Dada Yetu, Msomaji wa Barafu ya Bahari

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yangu mkubwa, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, kifungua mimba wa wazazi wetu, nami nikamfuata, ingawa hakuwahi kunisubiri kwa lolote.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya reli, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo cha hali ya hewa, akahitimu mwaka 1981, na Januari 1982 akaajiriwa katika ofisi ya picha za setilaiti, akichora ramani za barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini ili meli zijue pa kupita, kazi ambayo mama aliwaeleza watu kuwa ni kupima baridi.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu mpole aliyepo hapa, wakajaliwa binti na mwana, ambao kila asubuhi walielezwa hali ya hewa ya nchani, ya mtaani ikasahauliwa, wakalowa mara nyingi.

Asubuhi ya tarehe 18 Julai 1991 alipitisha ramani iliyoonyesha maji matupu mbele ya meli ya mizigo ambayo mimi nilikuwa fundi mitambo wake, na mchana, akifungua chakula chake, akasoma taarifa kwamba upepo wa joto umeleta mvua juu ya barafu ya eneo lile, akakiacha mezani, kwa kuwa theluji iliyo juu ya barafu ikilowa setilaiti huiona kama maji, kumbe barafu iko palepale. Alipanda ngazi mbio bila viatu hadi chumba cha redio, akamwambia nahodha asimame, kwamba kosa ni lake yeye aliyepitisha ramani, na nahodha akalalamika kuwa watu wa viti vya kuzunguka hawaijui bahari, lakini akasimama. Baridi iliporudi na ukungu kuinuka, tuliiona barafu mbele ya meli, nene kama ukuta.

Ofisini walimpongeza, yeye hakujisamehe, na tangu hapo hakupitisha ramani bila kuuliza mvua imenyesha wapi, vijana wake wakamwita Bibi Mvua.

Aliugua figo tangu Mei 2019, maumivu yakamchosha, na kila nilipomtembelea aliniuliza kama namlaumu, nikikana haamini, hadi nahodha yule, sasa mzee wa mkongojo, alipokuja wodini, akamwambia kuwa huwasimulia wajukuu wake habari za mtu aliyesema “nimekosea” kabla kosa halijaua. Dada alicheka, akaomba uji, akaumaliza.

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Agosti 2021, na sitawaficha, tulilia, lakini tulishusha pumzi pia, maana mateso yalikwisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa kazini waliofunga ofisi waje kumzika.

Dada, sisi wa meli ile tulirudi nyumbani sote, tukaoa, tukazeeka, tukaota na vitambi. Basi pumzika sasa, kwa amani.