Matroni na Watoto Waliodhaniwa Watu Wazima

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kipindi hiki cha kuwakumbuka waliotutoka huwa nakileta kwa sauti ya chini, ya kufariji. Leo mtanivumilia. Leo nimekasirika.

Tunamkumbuka matroni wa shule ya msingi ya wasichana. Wengi tulimwita Matroni tu, hata sokoni. Amefariki wiki iliyopita. Alikuwa mlezi wa watoto, lakini utoto wake mwenyewe ulikatwa akiwa na miaka tisa. Miaka tisa, wasikilizaji.

Alikuwa mtoto mnene, mashavu hadi vidole. Nyumbani walifurahi, wakasema ana afya. Alipofika darasa la tatu kifua kikaanza kuchomoza, na siku moja akiwa anaruka kamba na wenzake, akavunja ungo.

Shangazi yake akamfungia chumbani. Akamuuliza, "Ni nani?" Mtoto akajibu, "Ni mimi." Kumbe alidhani anaulizwa nani kamaliza sukari kwenye kopo.

Mnacheka? Dada yake naye alicheka aliponisimulia, kisha akalia. Maana mtoto alichapwa, na si kwa ajili ya sukari. Alichapwa ili amtaje mwanamume.

Narudia: mwanamume hakuwepo. Daktari niliyemuuliza jana ameniambia wazi kwamba msichana mwenye uzito mkubwa utotoni mara nyingi hubalehe mapema kuliko wenzake. Si kila mmoja, na uzito si sababu pekee. Lakini ni mambo ya mwili, si tabia. Mwili unatangulia, akili inabaki ya mtoto. Akibalehe mapema mno, apelekwe hospitali akaangaliwe.

Mwalimu mkuu wa enzi zile naye akatonesha kidonda. Alimtazama juu hadi chini akasema, "Huyu hana miaka tisa, wazazi wamedanganya." Akamhamishia darasa la sita. Kwa macho tu, jamani. Dada mtu anasema: "Nilimzidi miaka mitatu, ghafla tukawa dawati moja. Hesabu zilimtoa jasho. Jino lake la utoto lilikuwa linacheza, analisukuma kwa ulimi huku mwalimu anafundisha. Hakuna aliyemtazama mdomoni."

Akafeli, akarudishwa nyumbani. Alipotimiza miaka kumi na mmoja, posa zikaanza kubisha hodi. Mama yake alikuwa mjane, na mdomo alikuwa nao. "Mwanangu bado anashona nguo za mwanasesere," aliwaambia wale wanaume. "Mkitaka mke, nioeni mimi." Wakaondoka mmoja mmoja. Mama akamtafutia shule nyingine, akaanza upya darasa la tatu.

Ndiyo maana alipokuja kuwa matroni hakuwa na mchezo. Akiletewa msichana mwenye tuhuma, hakumhoji. Alimchekesha. Mtoto akicheka, pengo linaonekana, na Matroni anamgeukia mwalimu: "Umeliona hilo pengo? Haya, sema ulichotaka kusema, useme mbele yake." Walimu wengi walikumbuka ghafla kwamba wana kipindi darasani.

Mwezi huu aliletewa mmoja. Ana miaka minane, mnene, amevunja ungo darasani. Mwalimu mkuu wa sasa amemrudisha nyumbani, asirudi mpaka amtaje mwanamume. Matroni alikwenda ofisini kumtetea huku anaumwa, anahema. Akaambiwa asubiri kwenye benchi. Akasubiri mpaka ofisi ikafungwa. Jioni hiyo alilazwa, na hakutoka tena hospitalini akiwa hai.

Mazikoni, mwalimu mkuu huyohuyo alisimama akatoa hotuba. Akamwita Matroni nguzo ya shule. Mimi nilikuwepo, na damu ilinichemka. Mama wa yule mtoto alikuwa palepale, kamshika mwanawe mkono, kamvalisha sare. Hotuba ilipokwisha, mama huyo alimfuata mwalimu mkuu kuomba mtoto arudi shule. Akajibiwa, "Tumalize msiba kwanza, mama."

Kwa dada mtu, kwa wanawe Matroni, na kwa wasichana wote aliowalea: poleni sana. Tumepoteza mtu, na Mungu amlaze mahali pema. Nanyi wazazi na walimu, mjitafakari. Ukimwona mtoto mwili wake umetangulia, muulize anaumwa wapi kabla hujamuuliza alikuwa na nani. Mwite mtoto, kwa sababu ni mtoto.

Nimebakiwa na neno kwa mwalimu mkuu. Najua redio ya ofisini kwako huwa wazi saa hizi. Msiba umekwisha, viti vimerudishwa kwa wenyewe. Leo ni siku ya shule, kengele imeshalia, na mtoto wa miaka minane amekaa nyumbani na sare yake mwilini. Mfungulie geti.