Herufi Nyembamba za Edinah Khaemba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika mabango na kutugombeza, Bi. Edinah Nekesa Khaemba alistaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni. Karakana sasa ina amani, na hatuipendi hata kidogo.

Ukipita Naivasha hadi Elburgon umezisoma herufi zake. Ni ndefu, nyembamba, zimesimama bega kwa bega, hazina vijimkia, na kila ncha ni ya mviringo. Wembamba ulitokana na makanisa: mteja analeta ubao wa futi nne na jina la maneno tisa, na hataki kuacha hata moja. Mviringo ulitokana na mkubwa wetu, Bwana Kipkirui, anayenunua brashi mpya kwa nadra sana. Brashi iliyochakaa haitoi kona kali. Mathe, ndivyo tulivyomwita Bi. Edinah kama mama yetu, akaamua kwamba kona kali ni za watu wenye maringo.

Kila herufi aliichonga kwenye plaiwudi iwe kiolezo cha kuchorea, akazifungia zote sandukuni, ufunguo shingoni. Mimi, Kimutai, nimeziomba miaka kumi na miwili. Jibu lilikuwa kwamba mkono wangu unafaa kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Niliogopa kweli kwamba zingeondoka naye kwenda Bahati, anakohamia.

Kompyuta ilipoingia, Bwana Kipkirui alitangaza kwamba mambo ya plaiwudi yamekwisha. Bango la kwanza lilitoka na herufi nene za madoido, na nusu ya namba ya simu ya mteja ikakosa nafasi. Mathe alicheka hadi akakaa chini.

Wiki ya kuagana niliambiwa niandike jina lake lote juu ya mlango wetu, ambao ni mwembamba ajabu. Kompyuta ilijaribu, ikashindwa. Nikaenda kwake kichwa chini. Akanitazama weee, akavua ufunguo, akanivika mimi. Nililia, sifichi.

Sherehe ilianza saa nane. Bwana Kipkirui akiwa katikati ya hotuba, Mathe aliinuka, tukadhani anataka kushukuru. Kumbe ameona nilivyoachanisha herufi zake! Alipanda stuli na gauni lake jipya, akafuta, akaandika upya, akashuka na rangi ya buluu kifuani. Alistaafu saa tisa, akafanya kazi hadi saa kumi.

Asante, Mathe. Kaa salama Bahati, ufuge kuku wako, upumzike. Ufunguo uko shingoni mwangu, na hilo jina mlangoni hatutalifuta.