Brigita Alfonsi, Aliyeutunza Ufuta Peke Yake

Baba Padre, wazee wangu shikamooni, mama zangu, wafiwa, na nyote mliofika hapa Kikole, poleni. Msishangae kumwona Mmwera, tena Mwislamu na kofia yake, amesimama kusoma historia ya Mmatumbi Mkatoliki, familia imenituma mimi Ramadhani Likwata kwa kuwa ni mtani wao, na kaka wa marehemu, Sebastiani, amesema kuna maneno humu yakitoka kwa mfiwa yataitwa ugomvi, yakitoka kwa mtani yataitwa utani. Haya, yapokeeni hivyo hivyo.

Marehemu Brigita Alfonsi alizaliwa hapa Kikole tarehe 14 Machi 1990, mtoto wa pili wa mzee Alfonsi, ambaye naye ametangulia, na Mama Sebastiani, yule pale mkekani ambaye tangu juzi hajainua uso. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1998 hadi 2004, sekondari Kilwa Masoko hadi 2008, kidato cha tano na cha sita Lindi mjini, akaingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 2011, akahitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2014, na masomo yote hayo yalitoka kwenye shamba la ufuta la baba yake, shamba ambalo Wamatumbi mlikuwa mkipita kando yake mkimcheka mzee kwamba anahangaika na binti wa kuolewa.

Septemba 2014 aliajiriwa Dar es Salaam katika kampuni moja ya mifumo ya kompyuta, na tarehe 9 Julai 2016 alifunga ndoa takatifu na Jonas, mwalimu wa Somanga, akaacha ajira akamfuata mumewe, na tarehe 3 Februari 2018 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Lightness, huyu aliyeshika msalaba.

Sasa kazi yake, maana wengi wenu mlimzika kabla hajafa mkisema hana kazi. Simu yako inapouliza salio, programu moja inauliza na nyingine inajibu, na mahali pa kuulizana mafundi wanapaita API, lakini kila fundi alikuwa anapajenga kwa mtindo wake, programu zikakosa kuelewana. Brigita mwaka 2017, chumbani kwake Somanga, aliandika vipande vya msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, vilivyo tayari, vya kujenga API kwa utaratibu mmoja uliokubaliwa, na vya kuijaribu kabla haijafunguliwa kwa watu, isije ikampa Issa jibu la Yahya. Vipande hivyo kwa pamoja mafundi wanaviita maktaba, na yake akaiita Ufuta, kwa sababu ufuta ndio uliomsomesha, akaiweka wazi mtandaoni, mwenye kutaka achukue, asome, arekebishe, bila kumlipa mtu. Wakachukua, jamani! Wakachukua makampuni, wakachukua maofisi, kurekebisha ndiko walikomwachia yeye.

Tarehe 20 Oktoba 2021 mzee Alfonsi alifariki, na siku ya pili ya matanga, Brigita amekaa mkekani kajitanda khanga, mtu asiyemjua, ambaye kampuni yake inaendeshwa kwa Ufuta, alimwandikia hadharani kwamba kazi yake ni ya hovyo na yeye mwenyewe ni mvivu. Alijibu kwamba yuko msibani, akaomba radhi, akafungua kompyuta, akatengeneza kilichoharibika. Na ninyi mama zangu mliokuwa mkekani hapo hapo mkanong'ona kwamba huyu mtoto hana uchungu na baba yake, anachezea kompyuta matangani. Kule katukanwa, huku kasengenywa, na hakumjibu vibaya hata mmoja. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakusomea.

Agosti 2023 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakaona figo zote mbili zimechoka, akahamia Dar es Salaam kwa ajili ya kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye Ufuta. Mwezi huo huo aliandika tangazo mtandaoni, mahali ambapo kila anayeutumia anapita, kwamba anaumwa na anaomba watu wawili wajiandike wamsaidie kuutunza. Wakamjibu wengi, pole dada, ugua pole, Mungu akuponye, halafu chini yake wakauliza marekebisho yao yatakuwa tayari lini. Hakujiandika mtu. Mei 2024 mafuriko yakakata barabara pale Somanga, Jonas akakwama upande huu, mgonjwa akabaki peke yake upande ule, na hata wiki hiyo alikuwa anawajibu. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, akiwa na miaka thelathini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomwita kwa jina lake mpaka mwisho, inawashukuru majirani wa Somanga kwa maji na kuni, wa Kikole kwa kuchimba kaburi, na inawashukuru wataalamu wenzake mliotoka Dar es Salaam na magari mazuri. Ninyi nina neno nanyi. Jana wali wa msiba haujashuka tumboni, mmoja wenu alimwinamia Mama Sebastiani akamwomba kompyuta ya marehemu na neno la siri, eti mifumo ya watu isisimame. Mama alidhani anaombwa kitu cha ukumbusho, akaanza kumtafutia picha yake ya komunyo ya kwanza. Hamna haya!

Kompyuta nimeiteka mimi, kwa haki ya utani, na neno la siri analo Jonas. Nikimaliza kusoma, Baba Padre anisamehe, naingia kaburini kabla ya jeneza, kama watani wanavyofanya, na sitaki kuku wala soda ya kunitoa. Natoka watu wawili kati yenu wakishajiandika kwenye tangazo lile, kwa majina yao wenyewe, Lightness akayasoma kwa sauti hapa mbele ya bibi yake, na hao wawili ndio Jonas atakaowapa neno la siri. Mtasema Mmwera anachelewesha maziko. Ninyi mlimchelewesha miaka miwili. Na kujiandika pale, mnajua vizuri kuliko mimi, hakujawahi kuhitaji neno la siri.

Mtani wangu Brigita, Mmatumbi usiyejua kukataa, hapa chini nakutangulia kidogo tu. Pumzika kwa amani, ile tuliyokunyima.